Mafuta ya Kupenya na Mafuta ya Kukaa

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi na vipuri vya mitambo, iwe ni Kariakoo, Mombasa au Mwanza, haikosekani rafu ya makopo ya mafuta ya kupulizia. Maandishi yaliyo juu ya makopo hayo huahidi mambo mengi kwa pamoja: kulegeza nati iliyoshikwa na kutu, kunyamazisha bawaba, kufukuza unyevu, kusafisha, kulainisha na kukinga chuma. Mnunuzi anapouliza ni lipi limfaalo, aghalabu hujibiwa kwamba yote ni mamoja, na achague kwa kadiri ya mfuko wake.

Jawabu hilo si sahihi, na hasara yake si ndogo. Chukua mfano wa fundi cherehani ambaye mashine yake imekuwa nzito. Anapuliza ndani yake mafuta ya kulegeza kutu, na papo hapo gurudumu linazunguka kwa wepesi wa ajabu. Baada ya siku chache mashine inaanza kupiga kelele, na kila siku kelele inazidi. Fundi anapuliza tena, na nafuu ya mara hii ni fupi kuliko ya kwanza. Kumbe kila apulizapo anaosha mabaki ya mafuta ya zamani yaliyokuwa yakizuia chuma kisigusane na chuma, na anachokiacha mahali pake ni kidogo mno. Vyuma vilivyochongwa kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita vinasagana, nafasi baina yao inapanuka, mshono unaanza kuruka, na hapo hakuna mafuta yatakayorudisha kilichokwisha kulika. Mashine hiyo ndiyo karo ya watoto na kodi ya chumba.

Mafuta yale hayakuwa mabovu. Yalikuwa mafuta mema yaliyopewa kazi isiyo yao. Ili jambo hili lieleweke, inafaa kuanza na ukweli mmoja wa fizikia ambao hakuna mtengenezaji awezaye kuukwepa. Kiowevu kinachotakiwa kupenya katika ufa mwembamba hapana budi kiwe chepesi, chenye mnato mdogo. Kiowevu kinachotakiwa kukaa baina ya vyuma viwili vinavyosuguana, na kuvitenganisha hata vinapobanana, hapana budi kiwe na mnato wa kutosha ili kisikamuliwe nje. Sifa hizi mbili zinapingana. Mtengenezaji anaweza kuzipatanisha kwa kiasi fulani kwa kuchanganya mafuta kidogo na kiyeyushi kingi: kiyeyushi huyabeba mafuta hadi ndani, kisha hugeuka mvuke na kutoweka. Lakini kinachobaki ndani ni kile kidogo tu kilichobebwa.

Nati iliyoshikwa na kutu

Chuma hushika kutu mahali penye maji na oksijeni kwa pamoja. Chumvi huongeza kasi ya tendo hilo, kwa sababu kutu kwa asili yake huambatana na mkondo mdogo wa umeme unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, nayo maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Ndiyo maana bolti iliyofungwa Tanga au Unguja, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, huharibika mapema kuliko bolti ya namna hiyo hiyo iliyofungwa Dodoma. Zaidi ya hayo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili au hata zaidi. Ndani ya hesi, yaani ile mifereji ya mzunguko inayoshikanisha bolti na nati, hakuna mahali pa kutanukia. Kutu hujibana yenyewe kwa yenyewe na kuwa kama saruji iliyoshindiliwa.

Mafuta huingiaje humo? Huingia kwa njia ile ile ambayo mafuta ya taa hupanda katika utambi wa jiko, bila kusukumwa na mtu. Wanafizikia huiita njia hii ukapilari. Molekuli za kiowevu huvutwa na kuta za mfereji mwembamba, na kiowevu chote hufuata. Mwaka 1921 mkemia wa Kimarekani Edward Washburn alionyesha kwamba kina ambacho kiowevu hufikia ndani ya mfereji wa aina hiyo hakiongezeki sambamba na muda, bali na kipeuo cha pili cha muda. Kwa lugha nyepesi, ikiwa mafuta yamepenya milimita 5 kwa dakika 10, hayatafika milimita 10 kwa dakika 20. Yatahitaji dakika 40. Na yakitakiwa kufika milimita 15, itabidi kungoja dakika 90. Nati halisi yenye kutu si mfereji laini wa maabara, hivyo tarakimu hizi zisichukuliwe kama ratiba. Hata hivyo zinaeleza kwa nini mtu anayepuliza mafuta na kushika spana baada ya dakika mbili huvunja bolti, na yule anayepuliza jioni, akarudia kabla ya kulala, akaja na spana asubuhi, huifungua kwa mkono mmoja.

Muda peke yake hautoshi ikiwa hakuna ufa wa kupitia. Hapa nyundo ndogo hufanya kazi ambayo kopo haliwezi kuifanya. Kugonga kichwa cha bolti kwa mapigo mepesi mengi huipasua kutu na kufungua vijia vya mafuta. Hali kadhalika, inafaa kuijaribu nati kwanza kwa kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, kisha kuirudisha, kwani kila mwendo mdogo husaga kutu na kuyavuta mafuta ndani zaidi.

Mafundi wengi hutumia moto. Hesabu inaonyesha wana haki. Chuma cha pua hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Nati yenye tundu la milimita 10, ikipashwa joto kwa digrii 200 zaidi ya bolti iliyomo, tundu lake hupanuka kwa milimita 0.024. Kiasi hicho hakifiki nusu ya unene wa unywele, lakini kwa kutu, ambayo ni ngumu bali hupasuka kwa urahisi, kinatosha kabisa. Sharti ni kwamba ipashwe nati, si bolti, na kwamba pasiwe na mafuta yaliyokwisha kupuliziwa mahali hapo. Anayetaka moto aanze na moto. Mafuta yatakuja baadaye, chuma kikiisha kupoa. Kwa kazi ndogo za nyumbani, kama vile kiungo cha bomba kilichokwama, maji yaliyochemka yakimiminwa juu ya nati hutoa sehemu ya manufaa hayo bila hatari ya kuteketeza nyumba.

Wale wasio na kopo la dukani wana dawa zao, na si zote ni za kudharauliwa. Mafuta ya taa na dizeli hupenya vizuri kwa kuwa ni mepesi, nayo ni ya bei nafuu. Mafuta ya breki, yapendwayo na mafundi wa magari, hupenya pia. Lakini mengi yake hufyonza maji kutoka hewani na hula rangi, kwa hiyo yakiachwa mahali pake huandaa kutu mpya baada ya kuishinda ya zamani. Soda nyeusi ya kola ina asidi ya fosforiki kidogo ambayo hula kutu polepole, ila huacha maji na sukari. Wako pia wachanganyao kwa nusu kwa nusu asetoni, ile iliyomo katika dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha, na mafuta ya gia za magari ya otomatiki. Mchanganyiko huo una sifa kubwa miongoni mwa mafundi wa nchi nyingi. Kasoro zake ni kwamba hujitenga ukitulia, hivyo lazima utikiswe. Huyeyusha plastiki na rangi. Na mvuke wa asetoni hushika moto kwa cheche hata katika baridi kali. Petroli isitumiwe kamwe, na hili halihitaji maelezo marefu.

Utando usioonekana

Kulainisha ni jambo lingine kabisa. Mnamo mwaka 1883 mhandisi wa Kiingereza Beauchamp Tower, aliyekuwa akichunguza beringi za ekseli za magari ya reli, alitoboa tundu juu ya beringi moja ili atie chombo cha mafuta. Mtambo ulipozunguka, mafuta yalianza kutoka katika tundu hilo badala ya kuingia. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akaliziba kwa kipande cha mti, nacho kikatoka. Ndipo ilipodhihirika kwamba ekseli inayozunguka huyavuta mafuta chini yake kwa nguvu kiasi cha kujiinua juu ya utando wa mafuta, na kwamba uzito wote hubebwa na utando huo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds aliueleza mwenendo huo kwa hisabati ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo.

Utando huo hauwezi kujengwa na kiowevu chembamba kupita kiasi. Ndiyo sababu kila kifaa kina mnato wake. Cherehani, yenye vyuma vidogo vyenye mwendo wa kasi na mzigo mdogo, hutaka mafuta mepesi lakini safi, yasiyo na kiyeyushi: ndiyo yale yauzwayo katika vichupa vidogo kwa jina la mafuta ya cherehani. Bawaba ya mlango mzito, inayokwenda polepole na kubeba uzito mwingi, haiwezi kujenga utando kwa mwendo wake. Hiyo hutaka grisi, ambayo si kitu kingine ila mafuta yaliyoshikwa na sabuni maalumu, kwa kawaida ya lithiamu, kama maji yanavyoshikwa na sponji. Kupuliza mafuta ya kupenya juu ya bawaba hunyamazisha mlango kwa muda mfupi. Kuchomoa pini yake, kuifuta, kuipaka grisi nyembamba na kuirudisha humaliza shauri kwa miaka.

Kifaa kinachoonewa kuliko vyote ni feni ya mezani. Feni nyingi za bei nafuu hazina beringi za gololi. Ekseli yake huzunguka ndani ya bushi ndogo ya shaba nyeusi iliyotengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa, yenye vitundu visivyoonekana vilivyojazwa mafuta kiwandani. Bushi ikipata joto mafuta hutoka, ikipoa hurudi ndani. Anayepuliza kiyeyushi humo huyaosha mafuta yote yaliyowekwa yadumu miaka. Feni huzunguka kwa shangwe wiki moja, kisha hukwama moja kwa moja, na mota iliyokwama huungua. Matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani, umeme ukiwa umechomolewa, yangeiponya.

Jina lililo mashuhuri kuliko yote katika rafu ile, WD-40, lenyewe linaeleza habari hii kwa uaminifu kuliko wauzaji wake wa rejareja. Mwaka 1953, katika mji wa San Diego huko California, kampuni ndogo iitwayo Rocket Chemical Company ilitafuta kiowevu cha kukinga ngozi ya kombora la Atlas lisipatwe na kutu. Herufi mbili za jina zinawakilisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuyaondoa maji mahali pake, na tarakimu yaeleza kwamba fomula iliyofaulu ilikuwa ya 40. Bidhaa hiyo iliingia madukani mwaka 1958. Kazi iliyokusudiwa ilikuwa kufukuza unyevu juu ya chuma, na kazi hiyo inaifanya vema hadi leo: spana zilizonyeshewa na mvua, plagi za injini zilizolowana, panga na jembe vinavyokwenda kuwekwa ghalani. Hulegeza kutu kwa kiasi, hulainisha kwa kiasi. Anayeitaka ilainishe mnyororo wa baiskeli kwa mwezi mzima anaidai deni ambalo haikulikopa.

Kufuli, mnyororo na vumbi

Ndani ya kitasa cha mlango kuna pini ndogo zinazosukumwa na springi nyembamba. Mafuta yoyote mazito yatiwayo humo huwa mtego wa vumbi, na baada ya miezi michache pini hujishikilia juu na ufunguo haugeuki. Kwa kitasa cha ndani ya nyumba kilainishi bora ni kikavu: grafiti. Huu ni kaboni iliyojipanga kwa tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine kama karata, na kila nyumba yenye mtoto wa shule inayo, kwani ndiyo iandikayo katika penseli. Penseli ziandikazo kwa weusi na ulaini zina udongo mchache na grafiti nyingi; hizo ndizo zifaazo. Ufunguo husuguliwa kwa penseli pande zote, huingizwa na kutolewa mara kadhaa, basi.

Shauri hilo halifai kwa kufuli la geti linalonyeshewa, na halifai kabisa pwani. Grafiti haizuii kutu. Hata huihimiza, kwa sababu ikigusana na chuma palipo na maji ya chumvi hufanya nacho kama betri ndogo, na kinacholika ni chuma. Kufuli la namna hiyo lipulizwe kwanza mafuta ya kupenya ili uchafu na chumvi vitoke, liachwe likauke, kisha litiwe tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya kukaa, na lirudiwe kila baada ya miezi michache. Kipande cha mpira wa tairi ya ndani kilichotundikwa mbele yake kuzuia mvua kina faida kuliko kopo zima. Lililokwisha kutiwa grafiti lisitiwe mafuta juu yake, maana viwili hivyo hufanya tope jeusi.

Vumbi ndilo adui wa mnyororo wa baiskeli pia. Mchanga una silika, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na ikichanganyika na oili nzito iliyopakwa nje ya mnyororo hugeuka kuwa dawa ya kunolea. Mnyororo unang'aa kwa mafuta na huku unalika. Mahali pahitajipo mafuta ni ndani, penye pini na roli, wala si nje. Mwenye baiskeli auoshe kwa mafuta ya taa, aukaushe, atie tone katika kila kiungo, azungushe pedeli kidogo, kisha aufute nje kwa kitambaa hadi uonekane kana kwamba haukutiwa kitu. Rimu na breki zisiguswe na mafuta ya aina yoyote.

Wengi hukimbilia jikoni. Mafuta ya alizeti hulainisha vizuri siku ya kwanza, lakini molekuli zake huungana na oksijeni na kufungamana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo chanzo cha ule utando wa manjano unaonata kwenye ukingo wa kikaango cha zamani. Utando wa aina hiyo ukifanyika ndani ya cherehani, mashine hukwama kana kwamba imetiwa gundi. Mafuta ya nazi yana nafuu katika jambo hilo, ila huganda halijoto ishukapo chini ya digrii 24 hivi. Yafaayo Dar es Salaam mchana hayafai Njombe alfajiri. Oili chafu iliyotolewa katika injini ina chembe za chuma, asidi na kemikali zinazohusishwa na saratani, na haifai kutiwa kokote ambako mkono wa mtu hupita.

Mpira, gesi na moto

Mafuta ya madini, yaani yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, huuvimbisha mpira wa asili na kuulegeza. Kwa mipira ya milango ya gari, reli za madirisha ya kuteleza na vifaa vya plastiki, chaguo ni mafuta ya silikoni. Hayo nayo yana tabia yake: chembe zake chache zikianguka juu ya ubao au bati litakalopakwa rangi, rangi hukataa kushika na kuacha madoa ya duara kama macho ya samaki. Kwa hiyo yasipuliziwe karibu na kazi ya mpaka rangi.

Gesi isukumayo mafuta kutoka katika kopo inastahili neno lake. Zamani ilikuwa ni ya jamii ya klorofluorokaboni, ambayo haiwaki lakini huliharibu tabaka la ozoni. Mkataba uliotiwa saini Montreal mwaka 1987 ndio ulioiondoa madukani. Watengenezaji wengi waligeukia propani na butani, gesi zile zile za kupikia, na wengine kaboni dayoksaidi. Kutokana na hayo, kupuliza karibu na jiko la mkaa au mshumaa ni sawa na kufungua mtungi wa gesi karibu nao, na kopo lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani halitakiwi kupata joto la zaidi ya digrii 50. Vifundo vya jiko la gesi vikiwa vizito vina grisi yake maalumu na fundi wake. Valvu ya mtungi wa oksijeni, uwe wa mgonjwa au wa fundi wa kuchomea, haitiwi mafuta wala grisi ya kawaida hata iwe nzito vipi, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni yenye kanieneo kubwa huweza kuwaka yenyewe kwa mlipuko.

Anayemiliki kopo ambalo maandishi yake yamefutika, au yameandikwa kwa lugha asiyoijua, anaweza kulipima kwa kipande cha kioo. Kioo kioshwe kwa sabuni na kukaushwa, kipuliziwe kidogo, kisha kiegemezwe ukutani mahali penye hewa, mbali na jiko, kwa siku mbili au tatu. Kikibakiwa na unyevu mchache tu usioweza kushika kidole, kopo lile ni la kupenya na kufukuza maji. Mafuta yakiwapo bado, yakiteleza chini ya kidole, ni ya kulainisha. Na kidole kikinata kikiinuliwa, yasitiwe katika cherehani.